Kumbikumbi Aliyeijua Siku

Kumbikumbi huruka mvua ya kwanza inaponyesha, na ni lini, hawajui. Ila mmoja, Mahesabu, alikitangazia kichuguu kizima: "Ni Alhamisi! Nimepiga hesabu."

Mwenzake, Tulizo, alikuwa akiziba ufa kwa tope. "Siku anaijua aliyetupa mbawa, ndugu yangu. Hebu nisogezee udongo."

Alhamisi ikafika, na juu kukasikika ta-ta-ta-ta.

"Mvua! Sikuwaambia?" Mahesabu akatoka mbio.

Tulizo akagusa ukuta. Mkavu. Akarudi kwenye ufa wake.

Nje palikuwa na mtu akipigapiga vijiti juu ya kichuguu kuigiza mvua, bakuli la kitoweo kando. Mahesabu akawa wa kwanza kutiwa bakulini.

Mvua yenyewe ilinyesha siku ambayo hakuna aliyeitaja. Ukuta ukalowa. Tulizo akabandika tope la mwisho, akaruka kwa raha zake.