Nyekundu Kulia, Bluu Kushoto

“Na ikilambwa?” aliuliza mzee Thadei, akiigeuzageuza tyubu ya dawa mkononi.

Suzana aliinua uso kutoka kwenye fomu. “Nani atalamba mguu wako, mzee?”

“Nyumbani tuko wengi.”

“Haina madhara. Chembe zake ni ndogo mno, ukizipanga elfu moja hazizidi upana wa unywele. Ndiyo maana zinapenya ngozi.”

“Kwa hiyo hazionekani.” Mzee aliwatazama wenzake watano kwenye benchi, wote wa Mpitimbi, wote wana choa miguuni. “Na penye nywele nyingi, zinapita?”

“Zinapita,” alijibu Suzana, ingawa miguu ya mzee ilikuwa na vinyweleo vya kuhesabu.

Maelekezo yalikuwa mepesi. Tyubu nyekundu upande wa kulia, ya bluu upande wa kushoto, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Moja ina dawa, nyingine ni mafuta matupu, na hata Suzana hakuambiwa ipi ni ipi. Miaka mitatu alikuwa ameihangaikia dawa hiyo maabara, pale mjini Songea, hadi majirani zake wa Ruhuwiko wakaamini ana mchumba huko. Sasa wakubwa walitaka matokeo, la sivyo mradi unafungwa.

Mwezi ulipoisha, wote sita walirudi na tyubu zilizokamuliwa hadi shingoni. Suzana alikagua miguu kumi na miwili. Choa kilikuwa palepale, kulia na kushoto.

“Mlipaka kweli?”

“Hatukuruka hata siku moja,” alisema mzee Thadei, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuungama.

Suzana alijifungia chooni akalia, akanawa. Kesho yake alipanda bodaboda hadi Mpitimbi, maana hakutaka wasikie kwa simu kwamba mambo yameishia hapo.

Aliwakuta uwanjani kwa mzee Thadei wakinywa togwa, wamechangamka hadi akaudhika.

“Shikamoo, mzee. Nimekuja na habari mbaya.”

“Marahaba. Ngoja kwanza.”

Mzee alipiga mluzi. Kutoka shambani, walikokuwa wakifukuza ngedere, wakaja mbwa sita mbio. Kila mmoja alikuwa na mabaka ya choa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kulia ulikuwa unang'aa.

“Imekubali, Daktari,” alisema mzee Thadei. “Wameilamba na hawakufa. Sasa tuletee ya watu.”