Kibuyu cha Zamu ya Chausiku

Kibuyu kilichelewa tena.

Zamda alisimama ndani ya maji hadi magotini, macho juu ya mto, moyo unamfukuta. Nyuma yake Bwana Profesa, yule Mdachi, Mjerumani mpima mawimbi, aliitazama saa yake huku akichekelea kama mtu aliyeokota lulu.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mdachi alitaka kujua maji ya Ruvu, ndio huo mto Pangani, yanakwenda mbio kiasi gani hata yakapambane na mawimbi ya bahari kule Pangani. Basi kila asubuhi, gari moshi likilia stesheni ya Korogwe, Mwinjuma, mume wa Zamda, alitupa kibuyu chekundu mtoni huko juu. Zamda alikidaka huku chini, Profesa akasoma saa.

Sasa sikia ajabu. Mwinjuma akiamkia kwa Zamda, kibuyu kilifika upesi. Ikiwa zamu ya mke mdogo, Chausiku, kilichelewa. Na nyumba ya Chausiku ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale pa kutupia!

“Mto huu hupunguza mbio kila siku ya pili,” alisema Profesa, kalamu inakimbia. “Ulaya hawataamini!”

“Mto gani, Bwana!” Zamda alisonya. “Kwangu huondoka hata uji hajanywa. Kule kitanda kimepakwa ulimbo!”

Profesa hakusikia. Alikuwa anapiga hesabu.

Asubuhi baada ya usiku mwingine wa zamu ya Chausiku, Zamda aliamka akajifunga kibwebwe. “Leo udake mwenyewe,” alimwambia Profesa, akapandisha na ukingo wa mto, anasema peke yake njia nzima.

Gari moshi lilikuwa limeshalia alipofika. Chausiku alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu.

“Umekuja kunicheka, bibi mkubwa?”

“Mtoe mume wangu humo ndani! Kazi inamngoja.”

“Nimtoe wapi? Si umekula zamu zangu zote? Mwezi mzima sasa! Ananiambia Mdachi anamtaka alale kwako, karibu na saa.”

Zamda akakaa chini, pu, kama gunia.

Ndipo kwenye njia itokayo Handeni akatokea mwanamke mgeni, kijana, anahema, kibuyu chekundu kwapani. Alipowaona akapiga goti.

“Shikamooni, dada zangu. Mume wetu bado amelala. Kaniambia leo nikitupe mimi.”