Kopo la Chini ya Kitanda

“Placida, niletee lile kopo la bati chini ya kitanda,” alisema bibi kizee Mfaransa ambaye Placida alikuwa akimhudumia katika mtaa wa Walthamstow, huko ughaibuni. “Watu wa makumbusho wanakuja kulichukua.”

Placida alikuwa akimchana nywele. Kitana kikasimama katikati ya mvi. Kopo lile lilikuwa na kutu na harufu kali. Jumatatu alilitupa, akidhani ni takataka.

“Baba aliigiza jukwaani Paris, kisha katika filamu zisizo na sauti. Zote ziliungua, ikabaki moja tu, hiyo iliyo ndani ya kopo. Nataka nimwone tena akicheka.”

Kengele ya mlango ikalia.

Angeweza kusema hakuliona. Nani angembishia?

Placida akapiga magoti mbele ya kiti. “Bibi, kabla sijawafungulia, kuna jambo nimelifanya.”