Mambo ya Shule Yaletwe Shule

Makori alisoma ukurasa wote bila kukosa neno hata moja, na hiyo ndiyo ilimponza.

Mwalimu Zachariah alikuja mpaka kwa dawati akaangalia kitabu. Hadithi aliyolisomea darasa ilikuwa ya sungura. Chini ya kidole cha Makori kulikuwa na picha ya treni.

Mokeira, msichana waliyekaa naye dawati moja, akainamisha kichwa. Ni yeye alikuwa amemsomea ile ya sungura asubuhi, mara moja tu, na Makori akaishika yote.

"Haya, soma hapa. Hili neno."

Makori akaangalia. Herufi zikaanza ile tabia yao. Moja inageuka, nyingine inaruka mwenzake. Akijaribu kuishika kwa macho, inatoroka.

"Re... ter..."

Darasa likacheka.

"Mwaka wa tatu darasa la tatu!" Mwalimu akapiga meza. "Hata mbuzi ingekuwa imejua kusoma. Hii kichwa imejaa nini, ugali? Ni nani alizaa kitu kama wewe?"

Kicheko kikakatika. Thadeus, kiranja, akaangalia dirishani.

Ilikuwa 1968, shule ya mabati huko ndani ya Nyamache, na kiboko kilikuwa kinakaa juu ya meza pamoja na chaki. Wavulana wengine waliambiwa wateremshe kaptula walale chini. Makori alipigwa akiwa amesimama, kaptula yake mwilini, lakini alipata mara mbili ya wengine. Hakulia. Kulia kulikuwa kunaongeza.

"Sikiza vizuri," Mwalimu alisema alipomaliza, akihema. "Kesho hedimasta anataka majina ya wale hawawezi kitu. Watoto wamejaa huko nje wanatafuta nafasi. Wewe ndio wa kwanza."

Hapo Makori akashtuka. Viboko alikuwa amezoea. Lakini Salat, fundi wa redio kule mjini Kisii, alikuwa amemwambia wazi: kijana, maliza la saba, uje nikufundishe kazi. Bila la saba, usinisumbue. Na Makori hakuwa anataka kitu kingine duniani.

Kabla hajakaa, mlango ukazibwa na mtu. Ilikuwa mama yake, Bosibori. Habari ya majina alikuwa ameisikia tangu jana.

"Mwalimu, nimekuja kuomba."

"Mama, hii ni darasa, si soko ya Birongo."

"Najua ni darasa. Niliambiwa mambo ya shule yaletwe shule. Basi nimeleta."

Mwalimu akauma meno.

"Usipeleke jina la mtoto," Bosibori akasema. "Yeye si mjinga. Kitu ukimwambia kwa mdomo, anashika chote. Redio ilikufa nyumbani, mafundi wakashindwa, yeye akaifungua na kisu ya kukata mboga, ikaongea. Ni maandishi tu yanamkataa. Mfundishe kwa mdomo."

"Mtihani ya serikali inafanywa kwa mdomo?"

"Mpe mwaka mmoja."

"Nimempa mitatu! Unajua walimu wenzangu wananicheka? Kila siku saa ya chai: Zachariah, na yule kijana wako, amejua A? Mimi, ambaye nimepeleka watoto wa watu mpaka sekondari!"

"Kwa hivyo unachunga jina lako. Si mtoto."

Hakuna mzazi alikuwa amewahi kumwambia Mwalimu Zachariah maneno kama hayo. Makori alitamani sakafu immeze.

"Nitasema mara moja," Mwalimu alisema polepole. "Ndani ya mlango huu sijui mama ya mtu, sijui baba ya mtu. Kuna anayejua kusoma na asiyejua. Toka."

Bosibori hakutoka. Alipiga magoti pale pale mbele ya watoto, mikono yote miwili kwa udongo. Mtoto mmoja nyuma akaanza kucheka, Mokeira akamfinya.

"Nakuomba, Mwalimu. Ukimfukuza wewe, hakuna shule nyingine itamchukua. Watasema, kama Zachariah ameshindwa, sisi ni nani?"

Mwalimu alimpa mgongo. Akachukua chaki akaanza kuandika hesabu ubaoni, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika.

"Jina linaenda kesho," aliuambia ubao. "Kama kuna mtu ana neno, hiyo ni ya nyumbani. Mwambie baba yake amtafutie jembe."

Bosibori akainuka.

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Makori aliacha vitabu vyake kwa dawati akamfuata mama yake. Wakapita kwa mashamba ya majani chai. Njiani mama alisema, "Usiogope, bado kuna mmoja sijamuuliza," lakini hata yeye alionekana hasadiki.

Jua likiingia, Bosibori alikuwa anasonga ugali wakati baiskeli iliegemezwa ukutani. Makori akaisikia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwanaume akaingia, akatundika koti, akakaa kwa kiti chake na kungoja maji. Bosibori akamletea beseni, akaishika mbele yake bila kumwangalia uso.

"Haya, mama Makori," Mwalimu Zachariah akasema, akinyoosha mikono anawishwe. "Mwalimu amekukatalia. Sasa jaribu baba yake."