Hatua ya Nne

Mji ulikuwa na kiu ya siku tisa. Asubuhi ile ndoo zilipangwa mpaka mlangoni pa kituo cha maji, kimya, kana kwamba nazo zinaota.

Ndani, Mashavu alisimama mbele ya kioo kipya cha kompyuta kilichong'aa kijani. Fundi Lukindo, aliyekifunga jana, alikuwa amekwisha kubandua ukutani kadibodi lenye hatua za kuwasha pampu, lile ambalo Mashavu alilifuata miaka kumi na moja.

"Dada, mashine imesema washa. Bonyeza."

Mashavu alitazama ukuta. Pale lilipokuwa kadibodi pamebaki weupe, na ndani ya weupe ule bado aliyaona maandishi: Hatua ya nne, weka kiganja kwenye bomba. Lisipotetemeka, ngoja.

Akaweka kiganja. Bomba lilikuwa limelala.

"Maji hayajafika. Nikiwasha pampu kavu itaungua, na hawa walioko nje watakunywa kioo chako?"

Lukindo akacheka. "Unabishana na kompyuta kwa ajili ya bomba! Limekwambia nini?"

"Njoo uliulize mwenyewe, kaka."

Akaja kwa mzaha, akaweka kiganja chake. Kicheko kikamwisha mdomoni. Alikitazama kioo kijani, akalitazama bomba, kisha akainama, akaokota kadibodi sakafuni na kuliegemeza kando ya kioo.

Wakangoja, viganja viwili juu ya chuma baridi. Ndipo mbali, chini kabisa ya ardhi, kitu kikageuka usingizini, na bomba likatetemeka.