Nyumba ya Vyumba Kumi na Sita

Haya, nikutegee: nyumba moja ina vyumba kumi na sita, na hakuna kilichomo kisichohama. Umekwama? Usijilaumu, mjukuu wangu. Mama mmoja alikwama na kitendawili hiki tangu adhuhuri, kwenye meza ya jikoni ya mwalimu mstaafu wa fizikia.

"Hiyo ndiyo tensa ya nishati na momenta," mwalimu alisema tena, sauti imemkauka. Alichora jedwali, nne kwa nne, vyumba kumi na sita. "Lakini humo huingii kwa kuruka ukuta. Kwanza vekta, kiasi chenye mwelekeo. Kisha momenta: tungamo mara kasi, na inaelekea wapi. Kisha ukubali kwamba wakati na mahali vimeshonwa pamoja. Umeandika?"

Mama hakuwa ameandika. Kalamu aliyopewa ilikuwa bado na kifuniko. Mwalimu akashusha pumzi. Miguu ilimvimba, kiti kilimchosha, na bibie huyu mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi hakutaka hesabu hata moja.

"Inaonekanaje, mwalimu?"

"Haionekani, mama. Ni fizikia."

"Basi inakwendaje?"

Ikabidi mwalimu amsimulie watu wanaotoka ukumbini: walivyojazana, wanavyopita mlangoni, wanakoelekea, na wanavyosukumana kwa mabega. "Sasa ondoa watu, weka nishati. Jedwali linakwambia yote hayo kwa mpigo."

Vidole vya mama vikachezacheza hewani.

"Unanifukuzia nzi?"

"Wamezidi humu." Hakucheka. "Rudia hapo kwenye mabega."

Akarudia mpaka chai ikapoa.

"Mtihani wako lini?"

"Sina mtihani. Somo lenyewe ni kesho asubuhi. Likipita sijalielewa, mwaka mzima umekwenda na maji."

"Hesabu hutaki, mtihani huna. Una kazi gani na tensa, mama wewe?"

"Turudi mlangoni, mwalimu. Wanaosukumana kwa ubavu, nao wamo?"

"Wamo," alisema mwalimu, akajikongoja kuchukua karatasi nyingine.

Jua lilipoanza kulala, mama alimweleza yote tangu vekta, polepole, bila kukosea. Akainuka akijikanda viganja. Mwalimu alimsindikiza akishika ukuta.

"Hukunijibu, lakini."

Mama akaegemea mlango kama aliyetua mzigo.

"Anayesoma ni binti yangu, mwalimu. Ni kiziwi wa kuzaliwa, na darasani mkalimani wake ni mimi. Hilo neno lako, tensa, halina alama ya mikono popote. Mpaka kesho, niwe nimeitunga."