Tete Lenye Jicho

Thacienne alikuwa ameinama kando ya njia ya mbao, kwenye kinamasi cha Humber, Uingereza, akibinya tete kwa kucha aone kama lingefaa kusukia mkeka. Hapo ndipo alipoona kwamba tete la pembeni lina jicho.

Alikuwa ndege. Amesimama wima majini, mdomo juu, shingo ina michirizi kama majani makavu. Upepo ulipoyumbisha matete, naye aliyumba nayo. Manyoya ya kooni tu ndiyo yaliyopanda na kushuka upesi upesi.

Nyuma, darasa la bintiye lilifika na darubini zao. Tangu asubuhi mhifadhi aliyewaongoza alikuwa akimtafuta ndege huyo.

"Mama, anauliza, umeona kitu hapo?" binti akatafsiri.

Mwaka 1993, kwenye mafunjo ya mto Rusizi, kwao Burundi, Thacienne alisimama hivyo hivyo, maji kifuani, huku wenye mapanga wakimuuliza mvuvi aliyekuwa amemwona swali hilo hilo.

Aliliachia tete taratibu. Akainuka, akatanua kitenge chake kama anayejifunga upya, mwanya wa kumwonea ndege ukazibika.

"Mwambie hakuna mtu."